Jibu Nililompa Mzee Barasa

Habari za kifo cha Mzee Barasa zilinifikia Bungoma, katika chumba cha mafunzo kilicho juu ya duka la vitambaa, mbele ya vijana kumi na wanane waliokuja kujifunza kazi ninayoifanya. Kazi hiyo huitwa uchambuzi wa biashara: unaingia mahali ambapo watu wengine wanafanya kazi, unajua shughuli zao zinaendaje kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, unazichora, kisha unaonyesha zinapokwama. Binti mmoja aliyesomea Chuo Kikuu cha Kibabii alikuwa ameniuliza nilijifunza wapi kuwafanya watu wazungumze, kwa sababu yeye akiwauliza wanamjibu "sawa" tu. Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu simu ilipotetemeka mezani. Mzee wetu wa geti ametuacha, maziko ni Jumamosi, nyumbani kwake Webuye. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kama ninavyosoma kila ujumbe, nikitafuta kama kuna lawama imefichwa ndani. Haikuwemo. Nikamwambia yule binti kwamba nilijifunza Kitale, kwa mama mmoja, kisha nikasema tupumzike dakika kumi, nikaenda kusimama kwenye ngazi.

Miaka saba imepita tangu mwaka ule wa Kitale. Nilifika mwezi wa pili nikiwa na barua iliyosema mimi ni mchambuzi wa biashara katika kampuni ya kununua na kuhifadhi mahindi, na sikujua mchambuzi wa biashara hufanya nini asubuhi akishaketi. Ofisi ilikuwa juu ya ghala. Dirisha lake la kioo lilitazama chini kwenye magunia, ili bosi aone kila kitu, na siku za kwanza nilidhani kioo hicho kimewekwa ili kila mtu anione mimi. Vumbi la mahindi lilipanda hadi kwenye vikombe. Bwana Harjit, aliyekuwa ameachiwa kampuni na babake, alikula mezani kwake saa saba kamili, na mara kwa mara mamake alituma chapati nyembamba na achari ya ndimu kwa wote waliokuwa juu. Nilizila nikiwaza kama kuchukua ya pili ni tamaa au kukataa ya pili ni dharau. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Asubuhi ya kwanza, siku ya Ijumaa, nilipofika getini nilibabaika hadi nikamwambia mlinzi wa kitabu cha magari, mtu wa rika la baba yangu, kama kijana mwenzangu, "Niaje." Alinitazama, akafunga kalamu yake, akasema, "Poa, Digrii." Wikendi nzima nililala chali chumbani kwangu, nyuma ya mashine ya kusaga posho, nikilirudia lile "niaje" kichwani. Jumatatu nilimwamkia "Shikamoo, Mzee Barasa," akajibu "Marahaba, Digrii," na jina hilo likabaki.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kueleza kwa nini magari mengine yanapokewa kwa saa mbili na mengine yanachukua siku mbili. Nilitengeneza fomu ya maswali arobaini. Nilishinda siku nne nikichagua ukubwa wa herufi. Niliigawa kwa kila mtu wa ghala, wakaijaza vizuri, na majibu yote yalifanana: gari linafika, linapimwa uzito, mahindi yanapimwa unyevu, yakiwa makavu yanapokewa, yakiwa na maji yanarudishwa. Ilikuwa sheria ileile iliyobandikwa ukutani. Bwana Harjit alizipindua karatasi mbili tatu, akaniambia kwa upole kwamba ukuta anaweza kuusoma mwenyewe. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Aliyeniokoa ni Mama Nafula. Alikuwa peke yake katika chumba cha unyevu, chumba kidogo cha mabati kando ya mizani, chenye meza, mashine ya kupimia, na birika la chai lililofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa mtu wa Sirisia, upande wa Bungoma, mnene, mwenye kicheko cha chini, na kabla ya kuweka punje kwenye mashine aliziuma kwanza. Alisema mashine ni ya kumwonyesha bosi, jino ni la kujua ukweli. Siku hiyo aliniona nikipita na fomu zangu, akaniita. Aliniambia nimechosha watu na karatasi.

"Mtu ukimuuliza kazi yake inaenda aje, atakuambia vile inafaa kuenda," alisema. "Si hata wewe ungesema hivyo? Keti hapa. Shika hii mahindi, pukuchua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unajisahau."

Nilikaa. Nilikaa mwezi mzima, kila siku kuanzia chai ya saa nne. Mzee Barasa alikuja na viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha kwenye mkebe, Mama Nafula akamimina chai, na wote wawili wakachekana kuhusu nani kati ya watu wa Webuye na watu wa Sirisia anajua kupika mrenda, ile mboga ya kuvutika. Barasa alidai kwamba mrenda wa Sirisia unaweza kufungia ng'ombe. Mama Nafula alimwambia kwamba yeye amekula kwa mke wa Barasa mara nyingi kuliko anavyokula kwake mwenyewe, na kwamba mke huyo amefundishwa na mtu wa Sirisia, kwa hivyo anyamaze. Nilipukuchua nikisikiliza. Nilijifunza kutouliza. Nilijifunza kwamba mtu akisema "kwa kawaida", kuna siku zisizo za kawaida, na ukinyamaza kidogo baada ya neno hilo atakusimulia. Yote niliyowahi kuyafundisha tangu hapo yalitoka kwenye kile chumba cha mabati, na sijawahi kumtaja mwenyewe kwa jina mbele ya darasa.

Ilikuwa mwezi wa nane nilipoanza kuwasikia wakizungumza kuhusu wageni. Mahindi ya upande wa Bungoma hukomaa mapema kuliko ya Kitale, na huvunwa mvua ikiwa bado inanyesha, kwa hivyo magari ya kwanza kufika yalikuwa ya huko, na mahindi yake yalikuwa na maji. Barasa alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Mama Nafula, una wageni wawili, wa Sirisia na wa juu ya mlima." Naye aliuma punje, akakunja uso, akasema wawekwe nyuma. Nilipukuchua siku tatu bila kuuliza. Siku ya nne aliniambia mwenyewe, mikono yake ikiwa ndani ya gunia. Nyuma ya ghala kulikuwa na uwanja wa saruji usiotumiwa. Mkulima aliyetoka mbali na mahindi mabichi hakurudishwa. Aliyamwaga pale juu ya turubai, yakaanikwa siku mbili, akayageuza mwenyewe kwa miguu, kisha yakapimwa tena na kupokewa kama vile yamefika leo.

"Mtu ametoka huko na gari ya kukodi, umwambie rudi?" alisema. "Kwetu mtu akishafika kwa mlango na mzigo kichwani, hata kama hukumwalika, ni mgeni. Unamtua kwanza. Hayo mengine ni baadaye."

Kisha akaniambia, "Hii nakuambia wewe tu, mwanangu. Juu hawajui."

Nilisema ndiyo, Mama. Nakumbuka nilisema hivyo kwa moyo wote. Na nakumbuka pia, kwa sababu nimejilazimisha kukumbuka, kwamba chini ya huo moyo wote palikuwa na furaha nyingine, ya mtu aliyetafuta kitu tangu mwezi wa pili na sasa amekishika. Zile siku mbili nilizotumwa kuzieleza zilikuwa pale, juu ya turubai.

Niliendea kitabu cha geti kuhakikisha. Barasa aliniachia nikisome kibandani mwake, akanipisha kiti chake. Saa za kuingia aliziandika kwa mwandiko wa mtu aliyefunzwa na masista, wima, bila kufuta. Gari Jumatatu, mapokezi Jumatano. Kila kitu kililingana. Lakini kitabu kile kilikuwa pale siku zote na hakuna aliyewahi kukielewa, kwa sababu hakikusema kati ya Jumatatu na Jumatano kumetokea nini. Hilo niliambiwa na mtu mmoja tu.

Nilichora mchoro wangu kwa wiki mbili. Nilikuwa nikifuata kozi ya mtandaoni wakati huo, na mwalimu wa kozi alisisitiza kwamba mchambuzi huchora kazi ilivyo, si kazi ilivyoandikwa. Niliwaza mengi. Niliwaza kama visanduku viwe vya bluu au vya kijani. Niliwaza kama nimwite bosi "Bwana" au "Sir" nikianza. Niliwaza pia kuhusu ahadi yangu, siwezi kusema sikuiwaza, na nikapata dawa yake: sitamtaja. Kwenye kisanduku cha katikati nikaandika, "Mhudumu wa chumba cha unyevu huruhusu mahindi mabichi kuanikwa uwanjani, siku mbili." Niliondoa jina, nikaacha cheo. Cheo hicho kilikuwa na mtu mmoja katika kampuni nzima. Mimi niliyeweza kulirudia "niaje" kichwani siku tatu, hilo halikunijia.

Au lilinijia. Hapo ndipo ninapokwama hata leo. Nikijiambia halikunijia, naona ninajitetea. Nikijiambia lilinijia, naona ninajipa ukatili nisiokuwa nao. Ninachojua ni kwamba projekta ilipowaka na kisanduku kile kikatokea ukutani, sikushangaa kuona Bwana Harjit akiinama mbele. Aliuliza maswali mawili. Kisha alisema hii ndiyo kazi aliyoniajiri niifanye, na mamake akatuletea chapati, nikala mbili.

Mama Nafula aliitwa juu siku tano baadaye. Sikuwa ofisini; nilikuwa nimeomba kwenda kupiga nakala mjini, na hadi leo sikumbuki nilikuwa na karatasi gani ya kupigia nakala. Waliokuwepo walinisimulia. Bwana Harjit hakupaza sauti. Alimwambia hawezi kuwa na sheria ya mashine na sheria ya Mama Nafula katika ghala moja, kwamba gunia moja likiota ukungu linaharibu mia, na kwamba kama angemuuliza kwanza labda wangepanga. Alikuwa na haki, na hilo linanisumbua vilevile. Alimwachisha kazi siku hiyohiyo. Mama Nafula alimuuliza ni nani aliyesema. Bosi alisema hilo si muhimu.

Nilirudi wakati Mama Nafula anatoka. Alikuwa amebeba birika lake na kile kitambaa cha kufuma, na watu wa mizani walikuwa wamesimama. Alisimama mbele ya kibanda cha geti. Wiki hiyo yeye na Barasa walikuwa wamekosana kidogo kuhusu turubai lililoachwa likanyeshewa, na nje ya chumba chake ni Barasa tu aliyejua kila mgeni aliyeingia. Hakumtukana. Alisema, bila haraka, wote wakisikia, "Barasa, nimekula kwako miaka kumi na moja. Sitakula kwako tena." Kwa watu wetu, neno kama hilo likishasemwa mbele ya watu halirudishwi kwa salamu. Barasa alisimama na kalamu mkononi. Mama Nafula alinipita mimi, akanishika shavu kwa mkono mmoja, akaniambia nisome kwa bidii nisije nikakaa na watu wa aina hii.

Jioni hiyo, watu wakiondoka, Barasa alipanda ngazi hadi ofisini. Hakuwahi kupanda tangu nifike. Alivua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kiti cha wageni, akaniuliza kile kitabu chake cha geti kama nilikitumia kwenye kazi yangu ya ukutani. Nilisema nilikitumia. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni mimi," alisema. "Niliandika hizo saa vile ziko. Gari imeingia Jumatatu, mahindi imeshuka Jumatano. Mtu mwenye akili akisoma hapo ataona. Si ni hiyo, Digrii? Si ni kitabu?"

Aliniuliza kweli. Hakuwa akinitega, alikuwa mtu anayetaka kujua kosa lake ili akaliombee msamaha. Mlango ulikuwa wazi, chini kulikuwa kimya, na jibu lilikuwa neno moja: hapana. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria shavu langu lililoshikwa. Nilifikiria kwamba kitabu nacho kilichangia, kwa kiasi fulani, ukitazama kwa makini.

"Huenda," nilisema.

Akasema asante, akavaa kofia yake, akashuka.

Nilimaliza mwaka Kitale. Chumba cha unyevu kilipata kijana mwenye mashine mpya, uwanja wa nyuma ukawekewa uzio, na magari ya Sirisia yakaanza kurudishwa, kisha yakaacha kuja. Kwenye wasifu wangu wa kazi kuna mstari unaosema nilipunguza muda wa mapokezi kutoka siku mbili hadi saa mbili, na mstari huo ndio ulionipa kazi ya Eldoret, na ya Eldoret ikanipa hii ya Bungoma. Nilipata ustadi kweli. Siku hizi sipeleki mchoro popote kabla ya kuketi tena na kila aliyezungumza nami, kumsomea alichosema na kumuuliza kiende au kibaki. Vijana huniambia inapoteza wakati. Huwajibu kwamba ndiyo kazi yenyewe, na hawajui ninavyoona haya wanapoiandika hiyo sentensi kwenye madaftari yao kama hekima.

Jumamosi nilienda Webuye. Boma la Barasa lilikuwa limejaa, viti vya plastiki chini ya mahema, masufuria ya ugali na nyama nyuma ya nyumba. Alipokwisha kuzikwa na watu kuanza kunawa mikono, nilimwona Mama Nafula. Alikuwa nje ya boma, ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya jiwe, kitambaa cheusi kichwani. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba yule ametoka Sirisia alfajiri na hajavuka mlango, si mnajua alikataa chakula cha marehemu. Mwingine akasema afadhali amefika.

Nilivuka barabara. Alinitambua mara moja, akafurahi, akaniita mwanangu, akataka kujua kama nimeolewa. Nilipiga magoti mbele yake kwenye changarawe, nikamwambia. Niliyapanga maneno njia nzima kutoka Bungoma, na yote yakapotea, nikasema tu kwamba haikuwa Barasa, ilikuwa mimi, nilichora yale aliyoniambia nikayaweka ukutani, na Barasa aliponiuliza kama ni kitabu chake nikamwambia huenda.

Aliniuliza kama nilimwambia Barasa baadaye. Nilisema hapana. Aliniuliza hata alipougua. Nilisema sikujua aliugua. Alitazama boma.

"Alikuja Sirisia mara mbili," alisema. "Mara ya pili alikuja na kuku. Alisimama hapo nje akaniambia, Mama Nafula, nisamehe, ni kitabu changu. Mimi nikaona, si amekubali mwenyewe? Nikamrudisha na kuku wake."

Nilitamani anipige. Alijishika magoti, akasimama kwa taabu, akajikung'uta sketi.

"Twende kwa Mama Wanjala," alisema. Huyo ndiye mjane wa Barasa. "Utasema vile umesema hapa. Usipunguze."

Alitangulia. Watu walimwona akivuka mlango wa boma na maongezi yakapungua. Mama Wanjala alikuwa sebuleni, ameketi sakafuni juu ya godoro kati ya wanawake wa ukoo. Mama Nafula alisema msichana huyu ana neno, apewe nafasi. Nilisema yote, jina langu, kazi yangu, mchoro, swali na jibu langu, mbele ya wanawake wale wote, na sauti yangu haikutetemeka, jambo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nimezoea kuzungumza mbele ya watu. Mama Wanjala alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Alijua si yeye?"

"Hapana, Mama," nilisema. "Hakujua."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu aliyoitarajia. Hakuniuliza tena. Alimgeukia binti yake, akamwambia amletee Mama Nafula maji ya kunawa na chakula. Maji yakaja, kisha ugali na mrenda. Mama Nafula alinawa, akakata tonge, akalichovya, akala. Alikula polepole, machozi yakishuka hadi kidevuni bila kuyafuta, na Mama Wanjala akamtazama hadi mwisho, tonge kwa tonge. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Hakuna aliyeniletea sahani, na hakuna aliyeniambia niondoke.